Baba Mdogo Akiingia, Ngoma Zinapigwa

Kwenye tamthilia zetu kuna sheria ambayo sijaiona imeandikwa popote, ila waongozaji wanaitii kuliko katiba: mwanamume akifa, mdogo wake lazima awe mwizi. Matanga hayajaanuliwa, baba mdogo ameshatia mguu na mkoba mweusi, kofia ya pama na vijana wa kubeba makochi. Mjane analia, watoto wamemng'ang'ania kanga, na jamaa anauliza hati ya nyumba iko wapi. Nimeyaangalia hayo tangu enzi za Kaole Sanaa kwenye ITV, na nilikuwa natukana kwenye televisheni kama watu wengine.

Siku hizi situkani, maana mimi ndiye baba mdogo. Kaka yangu alitangulia mbele ya haki, akaacha mke, nyumba Mbagala, na binti anayekaa kwangu Tabata kwa sababu chuo chake kipo upande huu wa mji. Ada nalipa mimi. Sijawahi kusikia ngoma ikipigwa siku ninayolipa ada.

Binti anasomea mambo ya habari, na muhula huu wamepewa somo la kuchambua tamthilia za televisheni. Anavyonieleza, mnaonyeshwa kipande kifupi, mnakirudia na kukirudia, kisha mnaandika: kamera imewekwa wapi, picha zimeunganishwaje, sauti zipi zimetumika, nguo na vyombo vya sebuleni vinasema nini. Halafu ndiyo linakuja swali lenyewe. Mtu wa aina hii ameonyeshwa vipi? Mwanamke, mzee, kijana, mlemavu, maskini, mtu wa mkoani. Mimi maisha yangu yote nilijua televisheni ni kitu unachoangalia ukishavua viatu. Kumbe kuna watu wanakitungia mtihani.

Basi sebule imegeuka darasa. Mama watoto ameshajiandaa kulia, kitambaa kipo mkononi, binti anaanza: "Ba'mdogo, umeona kamera ilivyo chini? Inamwangalia tajiri kuanzia magotini ili aonekane mkubwa. Sasa mwangalie dada wa kazi, yeye anapigwa picha kutoka juu, kama vile ameanguka shimoni." Namwangalia dada wa kazi. Kweli, kadogo. Tangu siku hiyo siwezi kumwona tajiri yeyote wa tamthilia bila kumfikiria mpiga picha aliyelala kifudifudi kwenye marumaru. Raha yote imekwisha.

Akimaliza pembe za kamera anahamia kwenye mstari. Watu wawili wakiongea, kuna mstari wa kufikirika kati yao, na kamera haitakiwi kuuvuka. Ikivuka, aliyekuwa anatazama kulia ghafla anatazama kushoto, na unaona kama wote wawili wanaongea na ukuta. Miaka yote sikuwahi kuuona mstari huo. Sasa nauona ukivukwa karibu kila usiku, na naumia peke yangu, kwa sababu mama watoto anasema yeye anajua vizuri nani anaongea na nani.

Kwenye sauti lakini, hapo alinishika. Alisema kuna sauti wanazozisikia wahusika wenyewe, kama mlango, jogoo, muadhini, na kuna sauti tunazozisikia sisi tu tuliokaa kwenye kochi. Ile ngoma nzito ya baba mdogo ni ya kwetu. Mjane haisikii. Angeisikia angefunga mlango kwa komeo, na tamthilia ingeishia sehemu ya kwanza. Sasa fikiria dhuluma yenyewe. Jamaa hajafungua mdomo, hajaketi, pengine amekuja kutoa rambirambi tu, ila sisi tumeshaambiwa na kinanda kwamba huyu ni mshenzi. Hata mahakamani mtu husomewa shtaka kwanza.

Nikamwambia binti: andika hilo kwenye kazi yako, kwamba akina baba wadogo tunaonewa na wapiga vinanda. Akanijibu kwa upole wa watoto waliosoma, ule unaokera kuliko matusi, kwamba picha hiyo haikuokotwa njiani. Akanikumbusha kanuni za urithi wa kimila zilizochapishwa na serikali mwaka 1963, zinazosema mjane hana fungu kwenye mali ya marehemu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Sikuwa na la kujibu. Akina baba wadogo wa mkoba mweusi wapo, na mahakama za mwanzo zinawajua kwa majina. Lakini na sisi wengine tupo! Tunalipa ada, tunapeleka mgonjwa hospitali, tunasimamia fundi wa paa la nyumba isiyo yetu. Mbona hatuna hata sehemu moja? Mlinzi naye yuleyule, Mmasai wa kuchekwa. Hausigeli lazima aongee kwa lafudhi ya mkoani, halafu bosi wake, ambaye bila shaka naye ana kijiji alikotoka, anaongea kama msoma taarifa ya habari.

Akanipa na mwanazuoni. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, aliandika mwaka 1973 kwamba anayetengeneza kipindi anafunga maana ndani yake, lakini anayekipokea anaweza kukifungua kwa namna tatu: akaikubali maana kama ilivyo, akapatana nayo bei, au akaikataa kabisa. Nyumbani kwangu zote tatu zinakaa kwenye kochi moja. Mama watoto anakubali. Sultani Suleiman wa Waturuki aliposhuka humu ndani akiongea Kiswahili fasaha alimpokea bila kuuliza maswali, kama alivyowapokea Mao Doudou na mama wakwe zake wa Kichina walipokuja kwenye TBC mwaka 2011. Binti anapatana bei. Mimi nakataa. Nilifurahi kujua kwamba kununa kwangu kuna jina chuo kikuu.

Furaha haikudumu. Walipewa kazi ya vitendo, na mwigizaji wa bure aliyepatikana karibu ni mimi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, inasimuliwa, Mrusi mmoja aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin ametulia tu, hacheki wala hanuni. Akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na mtoto ndani ya jeneza, kisha na mwanamke aliyejilaza kwenye kochi. Watazamaji wakamsifu jamaa: anajua kuigiza njaa, anajua huzuni, anajua tamaa. Uso ulikuwa uleule. Maana ilizaliwa pale picha mbili zilipokutana.

Binti alinirekodi kwa simu mchana, nimekaa barazani nasubiri umeme urudi. Sikuwa nawaza kitu. Akatengeneza vipande vitatu. Cha kwanza, uso wangu na sahani ya wali maharage. Mama watoto akasema, "Maskini, ana njaa." Cha pili, uso wangu na picha ya marehemu kaka iliyopo ukutani. Watoto wakanyamaza, mdogo wao akaja kunishika mkono. Cha tatu ni uso wangu na hati ya nyumba ya Mbagala. Hati yenyewe ipo kabatini kwa shemeji, haijawahi kutoka. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeipiga picha akamtumia mwanawe kwa ajili ya masomo. Binti akaweka na ngoma.

Jamani. Niliogopa. Yule mtu kwenye simu alikuwa anapanga kitu. Jicho lilikuwa linahesabu vyumba.

"Hapo ndiyo umeigiza," mama watoto akasema.

"Sijaigiza, nilikuwa nasubiri umeme."

"Basi usubiri hivyohivyo kila siku, utapata kazi."

Kwa kuwa kazi ilidai maoni ya watazamaji, binti alivituma vipande vyote kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Cha wali hakuna aliyekijibu. Cha marehemu kilipata vidole gumba kadhaa. Cha hati kilifika Tanga, Muheza na Muscat kabla sijamaliza kunywa chai, na huko Muscat kuna binamu ambaye hajaniandikia tangu harusi yake.

Dada yangu mkubwa wa Tanga hakuandika, alipiga.

"Hati ya Mbagala iko wapi?"

"Shikamoo dada. Iko kwa shemeji."

"Marahaba. Mbona nimekuona unayo?"

"Dada, hukuniona ninayo. Umeniona mimi, halafu umeiona hati. Ni picha mbili mbalimbali, zimeunganishwa."

"Nimekuona unaiangalia."

"Nilikuwa naangalia nguzo ya umeme."

Kimya. Nikadhani ameelewa, nikaanza kumweleza habari za Kuleshov, kwamba Mrusi huyo alionyesha watu supu na jeneza. Hapo nilikosea kulitaja jeneza.

"Sasa umeanza na majeneza," akasema. "Na zile ngoma nilizosikia nyuma ni za nini? Mmeenda kwa mganga?"

Nikamwambia ngoma zile mimi sikuzisikia, zinasikika kwa watazamaji tu. Nilivyolitamka hilo, hata mimi sikujiamini.

Anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi, na wazee wawili wa ukoo. Nimempigia shemeji aje na hati yake aioneshe mbele yao. Amecheka mpaka akashindwa kuongea, lakini amesema atakuja. Binti amefurahi kuliko wote. Ameniuliza wageni wataingilia mlango wa mbele au wa uani, kwa sababu anataka kuitega simu mapema, chini, usawa wa magoti.