Unaumwa Nini? Subiri Kwanza

Yale ambayo mkwe wako aliona haya kukuuliza siku ya posa, utaulizwa na binti wa mapokezi unapofungua faili, tena kwa sauti, foleni nzima ikitega masikio. Umri. Dini. Kazi. Namba ya NIDA, tarakimu zote 20, na asiyekuwa nayo akaifuate Mbagala. Kisha ndugu wa karibu wa kupigiwa simu "ikitokea lolote." Mimi nimekuja na goti, mwanangu, hilo lolote linatokea wapi?

Kliniki yenyewe iko Kivukoni, mtaa wa nyuma, ghorofa ya tatu. Lifti imebandikwa karatasi: MBOVU. Hapo jirani, Ocean Road, Wajerumani walijenga hospitali yao mwaka 1897, ikitazama bahari na baraza zake pana. Robert Koch, yule wa kijidudu cha kifua kikuu, naye alikuja mji huu kuchunguza malaria. Sidhani kama kuna aliyemdai namba ya NIDA.

Nilipofika juu nahema, kahawa niliyokunywa karibu na kituo cha mwendokasi haijatulia tumboni, nesi akanifunga mkanda wa presha palepale, huku akinipigisha soga za foleni ya pantoni.

"Babu, presha yako iko juu."

Babu! Mimi hata mjukuu sina. Na utaratibu unajulikana: mtu akae ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mdomo umefungwa, na asiwe amekunywa kahawa ndani ya nusu saa. Nikamweleza hayo yote kwa adabu. Akaandika 170 kwa kalamu nyekundu.

Halafu kikopo. "Usikinge wa mwanzo, kinga wa katikati." Hilo sikatai, wa mwanzo hubeba uchafu wa njiani na kuvuruga majibu. Mkojo na goti vina undugu gani, hilo sikuambiwa. Tatizo ni kwamba choo kiko mwisho wa korido, maabara iko mwanzo, na katikati watu wamejaa kwenye mabenchi hawana la kutazama. Natembea na kikopo chenye jina langu kamili, nimekifunika kwa kiganja, mara: "Shikamoo mwalimu!" Mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi ana duka Mtaa wa Kongo. Kanyoosha mkono wa kulia. Wangu wa kulia ulikuwa na shughuli. "Marahaba," nikajibu, nikampa kiwiko.

Daktari nilimwona baada ya adhuhuri. Kijana mstaarabu, macho kwenye kompyuta.

"Goti linauma wapi, mzee?"

Nikalikunja. Nikalikunjua. Kimya. Goti lililonikesha usiku kucha likatii kila amri, nikabaki naonekana mzushi. Ndiyo maana sasa nawashauri watu waandike kabisa nyumbani: linauma lini, wakitembea au wakiinama, na dawa gani wamekwishajaribu, hata ile ya kuchua waliyouziwa Kariakoo na mtu mwenye kipaza sauti.

"Goti si baya," akasema. "Wasiwasi wangu ni hii presha. Urudi wiki ijayo tuipime tena, asubuhi, kabla hujanywa kahawa."

Nikamuuliza kama ningeweza kupimiwa chini, pale kwa mlinzi. Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.