Siku Kibuyu Kilipooshwa kwa Sabuni

Wewe mwenye kibuyu cha maziwa nyumbani utanielewa mapema. Jumamosi ile niliingia jikoni nikamkuta binti yangu mkubwa, tunayemwita Bi Sabuni, amekiinamisha kibuyu cha mama yangu juu ya beseni, povu limempanda hadi viwiko. Alikuwa amekisugua ndani kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, na sasa anakisuuza mara ya tatu ili akianike juani. "Papa, kilikuwa kinanuka," akaniambia, akingoja sifa.

Nikatafuta kigoda nikakaa. Kibuyu kile hakikuwahi kuguswa na sabuni tangu kabla sijaoa. Mama, ambaye wajukuu humwita Koko Kibuyu, hukisuuza kwa maji matupu, akakifukiza moshi, na daima huacha tone la mashanza ya jana, maziwa yaliyochachuka na kuganda, mle chini. Hilo tone ndilo mbegu. Ukimimina maziwa juu yake jioni, kesho mchana unakuta mashanza mazito yenye ukali wa kupendeza.

Machi 1993, huku kwetu mashariki mwa Kongo, machafuko yalipoanzia soko la Ntoto kule Walikale yakasambaa hadi kwetu Masisi, ng'ombe wetu walichukuliwa wote. Mama alikimbia akinishika mimi mkono, kibuyu mgongoni. Tulipopata pa kulala, akaomba kikombe cha maziwa kwa wenyeji, akakimimina ndani ya kibuyu kitupu, akakifunga. Kesho yake tukala mashanza. Nilikuwa mtoto, lakini ule ukali bado naukumbuka ulimini. Sasa niambie, ningeanzaje kumweleza mama kwamba kilichookoka vita kimekufa kwa sabuni ya unga?

Na baadaye nikaenda kuoa Walikale hukohuko. Mara ya kwanza mchumba alipoletwa kwetu, mama alimpa heshima ya juu kabisa: bilauri kubwa ya maziwa mabichi, moto moto kutoka kwa ng'ombe. Haikupita saa moja, tumbo la binti wa watu likaanza kunguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Shangazi zake wakatazamana. Kwetu Kivu, tumbo likiuma baada ya kula kwa watu, neno la kwanza kunong'onwa ni karuho, sumu. Ndoa yetu nusura ifie ukumbini.

Sumu haikuwapo. Maziwa yana sukari yake, laktosi, na watu wengi sana duniani, wakishakua, matumbo yao hupunguza kimeng'enya cha kuivunja. Koo za wafugaji nyingi zimebaki nacho. Watu wa msituni, waliokulia samaki, muhogo na sombe, yaani majani ya muhogo, mara nyingi hawanacho. Sukari ikifika utumbo mpana haijavunjwa, bakteria huichachua, gesi inajaa, mtu anakimbilia nyuma ya nyumba. Lakini kwenye mashanza wale bakteria wa mbegu wamekwisha kula sehemu ya sukari, na wakiingia tumboni wakiwa hai wanaendelea kusaidia kuivunja. Jambo hili Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ililithibitisha kwa mtindi mwaka 2010. Mama yangu hakuwa na habari za Ulaya. Ziara ya pili alimpa mkwewe mashanza, vikombe viwili, na tumbo likatulia tuli. Tangu siku hiyo mke wangu na kibuyu ni marafiki.

Basi rudi nami kwenye Jumamosi ya sabuni, maana balaa haliji peke yake. Kitinda mimba wetu, Kasuku, mwenye miaka mitatu, alikuwa siku ya tatu ya dawa ya amoksisilini kwa ajili ya sikio. Mchana huo akaanza kuharisha. Mara mbili, mara nne. Midomo ikakauka, na mtoto asiyefunga mdomo hata usingizini akanyamaza.

Baraza la nyumba likakaa bila kuitishwa. Mama akadai mashanza, akaamuru kibuyu kiletwe. Mama mkwe, Koko Shikwange kwa wajukuu, alikuwa kwetu tangu wiki iliyotangulia; alishuka kwenye pikipiki kutoka Walikale na gunia la shikwange, mikate ya muhogo iliyofungwa kwa majani, na bidoni ya muhogo uliolowekwa ikawa tayari imekalia kona ya jiko ikinuka kwa haki yake yote. Yeye akasema mjukuu ale shikwange, kwani nayo imechachuka. Nikasema tumpeleke kituo cha afya. Wakanisikia, wakaendelea kubishana. Nikambeba mtoto nikaenda.

Muuguzi alimbana Kasuku ngozi ya tumbo, akamtazama macho, akasema kwanza maji. Akachanganya pakiti ya SRO, chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja ya maji safi, akanionyesha kumpa kijiko kwa kijiko, akatupa na zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku kumi hadi kumi na nne. Aliyeiona Goma Julai 1994, kipindupindu kilipoua wakimbizi kwa makumi ya maelfu, hahitaji kuhubiriwa kwamba kinachoua ni kukaukiwa. Nilipouliza kuhusu mashanza, akaniambia ni chakula kizuri mtoto akishatulia, ila yasichukue nafasi ya SRO. Na chakula kisikatwe. Hapo mama mkwe akapata ushindi wake: Kasuku akarudi nyumbani akamegewa shikwange vipande vidogo.

Mdogo wangu anayesoma Mbarara, Uganda, tunamwita Profesa, akapiga simu jioni. Tukaweka sauti ya wote wasikie. Alisema antibiotiki hufyeka bakteria wabaya na wazuri pamoja, ndiyo maana watoto wengi huharisha wakiinywa. Majaribio 33 yaliyokusanywa na kuchambuliwa mwaka 2019, yenye watoto zaidi ya 6,000, yalionyesha kwamba waliopewa bakteria hai wa kufaa pamoja na antibiotiki waliharisha asilimia 8, na wasiopewa asilimia 19. Lakini kwa kuhara kwa kawaida, kule kwa maambukizi, majaribio mawili makubwa ya Marekani na Kanada mwaka 2018 hayakuona faida. Tena, akasema, waliopimwa ni bakteria wa aina maalumu kwa kiasi kinachojulikana, si kibuyu cha kila mtu. Kuna hata chachu ya dawa ambayo Mfaransa Henri Boulard aliitoa kwenye maganda ya matunda ya Indochina, alikoona miaka ya 1920 watu wakiyatumia wakati wa kipindupindu.

Koko Shikwange akauliza, na muhogo wangu? Profesa akamjibu kwa adabu kwamba kuloweka siku kadhaa ni kazi kubwa: bakteria hulainisha muhogo mchungu na sumu yake hutoka. Kule Kwango, ambako daktari Trolli aliuandika ugonjwa wa konzo mwaka 1938, muhogo uliolowekwa kwa haraka umepooza miguu ya watoto na wanawake. Ila shikwange hupikwa sana, na bakteria hufa. Ni chakula salama, si bakteria hai. Mama mkwe akakubali nusu ya kwanza.

Ikabaki mbegu. Bi Sabuni alikuwa analia pembeni, kwa hiyo nikamtuma yeye kwa jirani wa ng'ambo ya barabara kuomba kikombe. Nami nikachemsha maziwa. Mama akapandisha sauti: maziwa yakichemshwa yamekufa! Nikamwambia ndiyo, mama, yafe kwanza pamoja na brusela na vingine, kisha tupande upya. Akageukia ukuta. Kwa pupa nikamimina mbegu maziwa yakiwa bado ya moto. Asubuhi: maziwa matupu, mbegu imeungua.

Usiku wa pili, kwa kikombe kingine cha jirani, nilingoja hadi kidole kikavumilia ndani kuhesabu kumi, nikafunika sufuria kwa blanketi la Kasuku. Kasuku, aliyekuwa amepona na kurudiwa na sauti, akalifuata blanketi lake gizani. Lita tatu zikamwagika hadi chini ya kitanda cha mama mkwe.

Usiku wa tatu sufuria ililala juu ya kabati. Mchana tulipofunua, kijiko kilisimama. Mama akaonja, akafumba macho, akasema: "Haya ni yangu." Ndipo akatueleza kwamba jirani yule, alipohamia pale, mbegu yake ya kwanza aliitoa kwenye kibuyu chetu.

Profesa anasema kule Uganda kuna mradi wa Yoba, ambao kifuko chake cha gramu moja hugeuza lita 100 za maziwa kuwa mtindi wenye bakteria waliochunguzwa, na wauzaji wadogo wanajipatia riziki. Mwanza nako kina mama wamekuwa wakitengeneza mtindi wa namna hiyo tangu 2004. Natamani kifuko hicho kifike Masisi na Walikale, kwa njia yoyote itakayokuwa wazi.

Kwa sasa kikombe kimoja cha mbegu yetu hukaa kwa jirani kila wiki, na kimoja cha kwake hukaa kwetu. Ukipita Masisi na kibuyu chako kimeoshwa, bisha hodi. Chemsha maziwa yako kwanza, yapoze, kisha tutakugawia.