Namna ya Kumkabili Mlalamishi wa Programu ya Bure

Hutamfahamu kwa jina, utamfahamu kwa ujumbe wake wa kwanza. Hauna salamu. Hautaji toleo la programu wala aina ya kompyuta. Umejaa herufi kubwa na alama za mshangao, na unaishia kwa onyo: msiponisaidia usiku huu huu, kesho narudi Windows.

Mwache arudi. Hilo ndilo la kwanza, na ndilo linalotushinda wengi tunaojitolea kuwasaidia watumiaji wa Linux. Ukimbembeleza, umeshawafundisha wote wanaotazama kwamba katika nyumba hii anayepiga kelele ndiye anayepakuliwa kwanza. Wale kumi walioleta shida zao kwa adabu na wakasubiri zamu wamekuona, na kesho utakuwa na wapiga kelele kumi na mmoja. Mwambie tu: "Karibu, ndugu. Windows ikikufaa, itumie. Ukitaka tuitatue shida yako hapa, tuanze."

Kisha muulize swali moja. Usimpe hotuba ya historia ya programu huria, wala usimjibu tusi kwa tusi. Muulize ana toleo gani, au mpe amri moja ya kuandika na umwombe akuletee majibu yake. Swali hilo ni chekeche. Mwenye shida ya kweli atarudi na majibu hata kama bado amenuna. Aliyekuja kugombana atarudi na hotuba nyingine.

Niliwahi kumpokea mwenye duka la stesheneri ambaye printa yake ilikuwa imekataa kuchapa baada ya kusasisha mfumo, na nje wanafunzi wamepanga foleni. Alituma jumbe nane, zote za kutuchamba. Nilimpa amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa kwa USB, nikamwomba anakili kila kilichotokea. Dakika mbili baadaye alirudi nayo. Printa haikuwamo kwenye orodha kabisa, kwa hiyo tukaacha kuhangaika na mfumo, tukahamia kwenye waya. Leo mtu huyo ndiye anayewajibu wageni wa printa kabla yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nimeshuhudia jembe likishikwa vizuri na mkono uliokuja umekunja ngumi.

Yuko wa namna nyingine, anayedai kana kwamba amelipa. Huyu ndiye wa kuonyeshwa leseni. GPL inasema wazi kwamba programu haina dhamana. MIT inasema inatolewa kama ilivyo. Ila usimtupie leseni mama aliyewekewa Linux na mwanawe jana na hajui hata kuongeza sauti. Leseni ni ya mwenye madai, haijaandikwa kumfukuza mwenye kutojua.

Mfano mzuri wa kumjibu mwenye madai ni Daniel Stenberg wa Uswidi, anayetunza curl, programu ya kuhamisha data iliyotoka mwaka 1998 na inayofanya kazi ndani ya simu, televisheni na magari. Januari 2022, baada ya hitilafu kubwa ya usalama katika programu ya Log4j kuutikisa ulimwengu, kampuni moja kubwa ilimwandikia ikimtaka ajibu maswali yake ndani ya saa 24. Log4j wala si kazi yake, na kampuni hiyo haikuwa na mkataba wowote naye. Stenberg hakutukana. Alijibu kwamba atafurahi kuyajibu yote mara tu watakapotia saini mkataba wa msaada. Jibu hilo lihifadhi, utalihitaji.

Kanuni za mwenendo ziandikwe mapema, wakati hakuna ugomvi, ili siku ya kumfungia mtu mlango asiseme umemchukia. Mradi wa Debian ulipitisha za kwake mwaka 2014. Wajenzi wa kiini cha Linux walipata zao Septemba 2018, mwezi uleule ambao mwanzilishi wake, Linus Torvalds mwenyewe, aliomba radhi kwa maneno makali aliyowahi kuwaandikia wenzake. Hapa nasema na sisi wasaidizi: anayemjibu mgeni "nenda kasome mwongozo" bila kumwonyesha ukurasa gani, huyo naye ni msumbufu, hata akiwa na ujuzi wa miaka ishirini. Kanuni zimguse na yeye.

Lakini kama utakumbuka jambo moja katika haya yote, kumbuka xz. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo karibu katika kila Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja bila malipo. Mwaka 2022 wakaanza kujitokeza watu wasiojulikana wakimlalamikia kwamba anachelewa, mradi umekufa, awape wengine usimamizi. Yeye akaeleza hadharani kwamba afya yake ya akili inamsumbua na kwamba kazi hii haimpi mshahara. Waliendelea kumbana. Pembeni alikuwapo msaidizi mpole, mchapakazi, aliyejiita Jia Tan, naye polepole akakabidhiwa funguo za mradi. Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0 likiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Tulinusurika kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, aliona kuingia kwenye seva kwa mbali kunachelewa kwa nusu sekunde hivi, akachimba mpaka akaukuta. Aliutangaza tarehe 29 Machi 2024. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba walalamishi wale walikuwa sehemu ya njama.

Kwa hiyo ukiona mtu anamfokea msimamizi aliyechoka, usikae kimya ukisubiri ajitetee. Jibu wewe kwa niaba yake. Andika: "Fulani anajitolea. Una marekebisho ya kuchangia? Yalete tuyapitie." Sentensi hizo zikitoka kwa watu watatu tofauti, mlalamishi anajua amekuta mji wenye wenyewe, na msimamizi analala akijua hayuko peke yake. Yule wa xz alihitaji majirani wa namna hiyo mwaka 2022.

Nawe msomaji, chagua programu moja huria unayoitumia kila siku. Mwandikie leo anayeitunza, umwambie inafanya kazi, na umtajie toleo.