Mgeni Rasmi Hachelewi

Wanaolalamika hawajui raha ya kumsubiri mgeni rasmi ndani ya Ngome Kongwe. Waomani waliijenga hapa Unguja baada ya kumtimua Mreno, na kuta zake zimesimama miaka 300 na ushei bila kunung'unika. Wewe uliyeketi juu ya ngazi ya jiwe kwa saa mbili tu una haki gani ya kupiga miayo? Ngome hii iliwahi kuwa gereza, na wafungwa wa enzi hizo hawakuwekewa hata MC wa kuwaambia “wakati wowote kuanzia sasa”. Sisi tumewekewa, na tiketi tumekata wenyewe.

Harufu ya mishkaki ya Forodhani inavuka ukuta bila kuomba ruhusa. Wapiga ngoma wamezikanza ngoma zao motoni, zimelegea kwa umande, wamezikanza tena. Mazoezi ya bure hayo.

Hatimaye king'ora. Tunasimama sote. Mgeni rasmi anakalia sofa lenye kitambaa cheupe, anasoma hotuba fupi ya kurasa 14 kuhusu kuwathamini wasanii wetu, kisha anaondoka kabla ya wimbo wa kwanza. Tumwelewe: kuna hadhara nyingine inamsubiri.