Jinsi ya Kufunga Kifuniko cha Kuteleza Kwenye Ndege Uliyoiunda Gerejini

Hongera. Umemaliza mabawa, mkia na kiwiliwili cha ndege yako ya RV-7, na sasa gerejini kwako, huko Oregon, limewasili boksi kubwa kuliko kitanda. Ndani yake limelala kuba la akriliki, angavu kama maji ya mtungini. Ungeweza kuchagua kifuniko cha chumba cha rubani kinachofunuliwa kama kasha. Ukachagua cha kuteleza, upigwe na upepo ndege ikitambaa uwanjani, mkono mmoja nje kama dereva wa daladala. Madaha yana gharama. Fuata hatua hizi.

1. Usikate. Akriliki ikipata baridi huwa na hasira za karibu. Inataka joto la nyuzi 27 hivi za Selsiasi na kuendelea, kwa hiyo subiri Julai. Julai hiyohiyo wenzako wanarusha ndege zao kwenda kwenye maonyesho ya Oshkosh, Wisconsin. Waage vizuri, ufunge mlango, utoke jasho.

2. Tafuta wa kukushikia. Fundi wa kulipwa hahesabiki: sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaounda kwa ajili ya elimu au burudani yao wenyewe. Mwite mwenzi wako. Maneno yanayohitajika ni mawili tu: "Shika hapa" na "Nani kakwambia ushike hapo?" Elimu imeanza, burudani iko njiani.

3. Nyoosha fremu. Fremu ya mabomba ya chuma imeshachomelewa, na umbo lake linakaribia la kuba. Linakaribia kama kijiji ambacho mwenyeji anakuambia ni "hapo tu". Ukikunja kushoto, kulia kunainuka. Ukibonyeza kulia, nyuma kunachanua. Wiki ya tatu utagundua imerudi ilivyokuja.

4. Sasa kata. Msumeno wa meno ni marufuku, maana hung'ata na kupasua. Tumia grenda ndogo yenye kisahani cha kusaga. Punguza kingo kidogo, pachika, bandua, punguza tena, kama suti ya bwana harusi aliyenenepa. Kisha linakuja kato kubwa, linalotenganisha kioo cha mbele na kifuniko chenyewe. Chora mstari. Kanywe chai. Rudi uufute, uchore palepale. Maji yakimwagika hayazoleki, na akriliki haina kiraka. Ukishakata, piga msasa kingo zote ziwe laini, kwa kuwa ufa huanzia kwenye mkwaruzo.

5. Toboa. Keekee ya chuma ina pupa. Tafuta iliyonolewa kwa ajili ya plastiki. Tundu liwe pana kuliko skrubu, kwa sababu akriliki hutanuka kwa joto kuliko alumini, na usikaze kama unafunga nati za tairi. Ukisikia "tak!", usijidanganye kuwa ni paa la gereji. Toboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usisonge mbele. Wageni wakikiulizia, waambie ni cha hewa.

6. Maliza. Telezesha mbele, telezesha nyuma. Kaa ndani, ungurumisha injini kwa mdomo. Halafu funga kifaa cha mwisho, karibu na mkono wako: nyundo. Ndege ikipinduka, kifuniko hakitateleza, na njia ya kutokea itakuwa kuvunja kioo kilekile ulichokilinda miezi yote hii, usiku ukikifunika kwa blanketi la mwenzi wako.