Haki na Hisani, Bei Moja

Dada wa benki alinisomea matumizi yangu kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Simu ilikuwa kwenye spika kwa sababu mikono yangu ilijaa pasipoti. Mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kututembelea hapa Leicester, alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, ungo mapajani.

"Jumatatu, duka la vitu vya pauni moja, pauni tatu. Jumanne, duka la mikate, peni thelathini na tano. Jumatano, duka la mitumba, pauni mbili." Akanyamaza kidogo. "Na leo jioni, pauni elfu moja mia saba thelathini na tano. Halafu elfu moja mia mbili na kumi na nne. Halafu, kabla hata dakika kumi hazijapita, elfu moja mia mbili na kumi na nne nyingine. Bwana, mlipaji ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Umewahi kulipa kiasi kama hiki?"

Nilitamani aulize kitu kingine chochote. Mama mkwe aliacha kuchambua. "Sijawahi," nikasema.

"Kuna mtu yeyote hapo anakushinikiza ulipe?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama dari.

"Kuna aliyekwambia kwamba usipolipa utapata matatizo na mambo ya uhamiaji?"

Nikamweleza kwamba anayedai ni serikali yenyewe, kwamba naomba uraia, na kwamba hayo ni malipo halali ya familia yangu. Sauti ya utangazaji ikamtoka, akanijibu taratibu, kama anayezungumza na mfiwa: "Matapeli wote husema hivyo, bwana." Akaifunga kadi kwa usalama wangu mpaka kesho yake.

Kwenye kompyuta maandishi mekundu yakatokea: malipo yamekataliwa. Fomu mbili zilikuwa zimeshapita, yangu na ya binti yetu wa kati. Iliyokwama ni ya kifungua mimba, ana miaka kumi na miwili, na alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma kila neno.

"Baba, mimi ndiye niliyekataliwa?"

"Ni kadi iliyokataliwa, mwanangu."

"Mbona ya dada haikukataliwa?"

Kabla sijajibu, mama mkwe alikuwa na swali lake. "Mkwe wangu, huo mkate wa peni thelathini na tano, ndio ule niliokula asubuhi nikakusifu?"

Ndio ule.

Tukabaki pale, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na la kusema, nikaanza kumweleza mama malipo yenyewe. Nilipoanza sikuweza kunyamaza, maana sheria hii, ukiisoma kwa utulivu, ina utamu wake.

Tuna watoto watatu wa baba mmoja, mama mmoja na sufuria moja. Kifungua mimba alizaliwa Mombasa. Wa kati alizaliwa hapa Leicester, wakati mimi na mama yake bado tuna viza za kazi. Kitinda mimba alizaliwa hospitali ileile, wodi ileile, lakini sisi tulikuwa tumeshapata makazi ya kudumu. Zamani, aliyezaliwa katika ardhi ya Uingereza alikuwa raia, basi. Tarehe 1 Januari 1983 sheria ya uraia ya mwaka 1981 ilipoanza kazi, ardhi peke yake ikawa haitoshi. Siku mtoto anapozaliwa, mmoja wa wazazi lazima awe raia au mwenye makazi ya kudumu.

Kwa hiyo kitinda mimba ni Mwingereza tangu kilio chake cha kwanza. Hakujaza fomu, hakulipa peni. Pasipoti yake ilikuwa pauni 61.50 kwa bei iliyoanza Aprili 2025. Dada yake, aliyezaliwa mtaa uleule, hakuwa raia, ila tulipopata makazi ya kudumu alipata haki ya kuandikishwa. Nasema haki kwa maana ya sheria: akitimiza masharti, waziri hana hiari ya kumnyima. Haki hiyo, tulipoomba, iliuzwa pauni 1,214. Kaka yao hana haki yoyote, anaomba hisani, na waziri anaweza kumkubalia au kumkatalia kwa kadiri atakavyoona inafaa. Hisani hiyo nayo iliuzwa pauni 1,214.

"Kwa hiyo huyu," mama mkwe akamwonyesha kitinda mimba, aliyekuwa chini ya meza akilamba soksi, "ndiye Mwingereza?"

"Ndiye, mama."

"Na bure?"

"Bure."

Mama alikuwa akiuza vitenge sokoni tangu mke wangu hajazaliwa. Akafikiri. "Na hao wawili, mkilipa pamoja, hawawapunguzii?"

Hawapunguzi. Hakuna bei ya jumla kwa familia. Kila kichwa na fomu yake, kila fomu na malipo yake, ndiyo maana benki iliona kiasi kilekile kikienda mahali palepale mara mbili na kudhani naibiwa. Mimi kama mtu mzima nililipa 1,735, na ndani yake mlikuwa na 130 za sherehe ya kula kiapo. Ukinyimwa uraia, hizo 130 wanakurudishia kwa sababu sherehe haipo. Zilizobaki hazirudi.

Kisha kuna hesabu ya siku, na hapo ndipo mke wangu hunishika mkono nikiwa mbele ya wageni. Katika miaka mitano kabla ya kuomba, hutakiwi kuwa nje ya nchi zaidi ya siku 450, na katika mwaka wa mwisho zisizidi 90. Lakini siku ni nini? Siku ya kuondoka haihesabiwi, na ya kurudi haihesabiwi. Zinahesabiwa siku kamili tu. Ukipanda ndege Heathrow Jumatatu saa tano usiku na ukatua tena Jumatano alfajiri, serikali inaona umekosekana Jumanne tu. Mtu mwenye akili anaweza kwenda kuzika na kurudi kwa gharama ya siku moja. Na kuna sharti lingine zuri zaidi: lazima uwe ulikuwepo nchini siku ileile inayotimiza miaka mitano nyuma ya siku ofisi inapopokea ombi lako. Siku hiyo moja. Ukiwa ulikuwa Mombasa unakula mahamri, subiri, badili tarehe ya kuomba. Nimekaa usiku mzima na pasipoti kuukuu, lenzi na taa, nikijaribu kusoma muhuri wa uwanja wa ndege uliopigwa na ofisa ambaye wino wake ulikuwa unaelekea ukingoni.

Mtoto akifikisha miaka kumi, anatakiwa kuwa na tabia njema. Hili nalo ni sharti la kisheria. Nikamkalisha kifungua mimba na kumuuliza, kama fomu ilivyotaka, kuhusu makosa ya jinai, ugaidi na uhalifu wa kivita. Akakana yote. Bibi yake akasema hakuona pahali pa kuuliza kuhusu ile birika yake ya kauri.

Mtihani wa Life in the UK: pauni 50, maswali 24, ukipata 18 umefaulu, na sasa najua wake wote wa Henry VIII.

Mtihani wa Kiingereza: Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo watu wake husamehewa, nami ni mtu niliyevishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani.

Wadhamini wawili walionijua kwa miaka mitatu: imamu wetu alikuwa safarini, nikasainiwa na mwenye duka la mazishi, akaniuliza kama nina haraka.

Ningependa kuishia kwenye kucheka, lakini kuna nambari moja inanikaba. Ada ya mtoto ilipokuwa pauni 1,012, serikali yenyewe ilikiri kwamba kushughulikia ombi lile kunaigharimu 372. Watoto na watetezi wao walikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilisema ada hiyo ilipangwa bila kuzingatia maslahi ya mtoto, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ikakubali. Upande mwingine wa kesi, uliouliza kama waziri anaruhusiwa kabisa kutoza kiasi hicho, ulifika Mahakama ya Juu, na Februari 2022 majaji wakasema Bunge limemruhusu. Miezi michache baadaye ukaanzishwa msamaha wa ada kwa watoto ambao familia zao haziwezi kulipa. Ni jambo jema, na dada wa benki angekuwa shahidi mzuri. Lakini sisi tulikuwa tumeweka akiba, na mwenye akiba hasamehewi. Watu wazima nao hawana msamaha wowote wa ada hii. Halafu ada ya mtoto ikapanda tena, ikafika hiyo 1,214.

Babu yangu alizaliwa Mombasa wakati pwani yetu ikiitwa nchi ya ulinzi. Kwa sheria zao alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza. Hakujaza fomu, hakupimwa Kiingereza, hakuna aliyehesabu siku zake za kulala nje. Ulinzi ule walimpa bure, na hakuwa ameuomba. Mimi ninayeomba ndiye ninayelipishwa zaidi ya gharama.

Mke wangu haombi. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, naye anasema Tanga haiuzi. Kenya inaturuhusu tangu katiba ya 2010, mradi nijitangaze ndani ya miezi mitatu. Kwa hiyo nyumba hii itakuwa na Mtanzania mmoja na Waingereza wanne, kama hisani itapatikana, na nakiri kwamba niliposikia msimamo wake uzalendo wake ulinigusa sana, hasa penye ile 1,735.

Kadi ilipofunguliwa nikalipia fomu ya tatu. Kifungua mimba alikuwa pembeni.

"Baba, wakinikataa, hela zinarudi?"

"Hazirudi."

"Na dada hawawezi kumkataa?"

"Hawawezi."

"Na tumelipa sawa?"

"Sawasawa."

Akafikiri kwa muda. "Basi na mimi wasinikatae." Nimesoma hukumu ile ya mwaka 2022, na sikuona humo hoja iliyo nyoofu kuliko hiyo.