Kombe la Marehemu: Namna ya Kuliandaa Bujumbura

Mnataka kombe la kumkumbuka mwenzenu aliyependa mbio za magari? Fuateni hatua hizi.

1. Jina. Jina la marehemu liwe kubwa na liwe juu. La mfadhili likae chini, hata akinuna. Huko Huye, Rwanda, mashindano ya magari yanaitwa Memorial Gakwaya: jina la mtu limeshonwa ndani ya jina la mbio, halibanduki.

2. Kombe lenyewe. Msiagize plastiki ya rangi ya dhahabu, itachubuka kabla pongezi hazijaisha. Nendeni Buyenzi kwa mafundi gereji, wawachomeleeni kombe la gia na pistoni chakavu. Liwe zito, dereva ashindwe kulinyanyua bila msoma ramani wake, maana ni la wote wawili. Dereva Joginder Singh alipotwaa mbio za East African Safari mwaka 1965 kwa Volvo, nduguye Jaswant alikuwa pembeni yake garini. Basi kila mwaka chongeni majina mawili, na la tatu liwe la fundi.

3. Kanuni. Mkipita barabara ya RN1 ya kupandia Bugarama, mtakutana na malori, mabasi na vijana wa baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi. Wale wako kazini, na barabara ni yao kabla haijawa yenu. Kwa hiyo msitafute mwenye kasi, tafuteni anayefika kila kituo kwa dakika aliyopangiwa. Kuwahi dakika moja kuadhibiwe sawasawa na kuchelewa dakika moja. Atakayejigamba kuwa kafika wa kwanza, mpeni soda baridi pamoja na pointi zake za adhabu.

4. Njia. Iwe fupi. Petroli tunaipangia foleni, na jirani anayesubiri lita chache za kumpeleka mgonjwa hatawaelewa mkiichoma siku nzima.

5. Sherehe. Kombe likabidhiwe na familia ya marehemu. Mheshimiwa akifika, apewe kiti kizuri na nafasi ya kupiga makofi. Mshindi akae nalo mwaka mmoja, kisha alirudishe likiwa limesafishwa. Asiyelirudisha asiandikishwe tena.

Ndugu wa klabu, hatua ya tatu msiiguse hata mkibadili zote nyingine. Kombe la kumbukumbu likileta msiba wa pili, limemtukana mwenye jina. Kama hamwezi kuwalinda watu wa barabarani, msimtaje marehemu kabisa.